Ukiona Nyeusi, Ndani Mna Mtu

Marahaba, wajukuu zangu. Najua hamjaniamkia, lakini naitikia kabisa ili tusipoteze muda, maana nyinyi mna haraka hata ya kusalimia. Juzi mlikuja hapa kwangu Isevya mmepakizana kwenye pikipiki, mkakaa barazani, mkaniomba niwaandikie mambo ya kamera kubwa. Mmesikia kwamba huko mijini filamu imerudi kuwa fasheni, na kwamba kuna mzee wa Tabora aliyepiga picha za rangi kwa kamera ya mbao mpaka akazeeka nayo. Mmoja wenu, yule aliyegeuza kofia nyuma, akasema, "Babu, tupe madini." Nikamwambia madini yako Geita. Mkacheka, lakini ahadi nimewapa na naitimiza.

Nawatahadharisha mapema kwamba sitawapa moyo. Watu wanapenda mzee akisimulia kazi yake amalizie kwa kusema ameridhika. Mimi sikuridhika. Siku hizi nikiamka asubuhi sioni sababu ya kufungua dirisha, na mwenye lawama kubwa ni hiyo kamera mliyoiona juu ya kabati mkadhani ni redio ya zamani.

Ni sanduku la mbao. Mbele lina lenzi, nyuma lina kioo chenye ukungu kikubwa kama daftari, na katikati ni ngozi inayokunjuka na kukunjwa. Unaisimamisha juu ya miguu mitatu, unajifunika kitambaa cheusi kichwani, na kwenye kile kioo dunia yote iliyo mbele yako inatokea na rangi zake, ila imepinduka. Miguu juu, kichwa chini, wa kushoto kahamia kulia. Mwanzoni nilikuwa napindua shingo kama kuku anayetazama mwewe. Aliyenikomesha ni Mzee Almasi, mwenye studio ya pale karibu na soko, Mmanyema aliyezaliwa hapa hapa Tabora, mtu wa kutafuna tumbaku na kununa. Alinifinya sikio akasema, "Acha kujivunja shingo. Mzoee mtu akiwa kichwa chini."

Huyo Mzee Almasi hakunipa filamu nilipoanza kazi kwake. Alinisimamisha nyuma ya kamera tupu, akaielekeza kwenye duka la fundi cherehani ng'ambo ya barabara, akanifunika kitambaa na kuondoka. Karibu na adhuhuri alirudi akauliza nimeona nini. Nikamjibu nimeona duka la fundi cherehani. "Rudi," akasema. Siku iliyofuata nikamwambia fundi anakatia kitambaa mkono wa kushoto. "Rudi." Nilirudi mpaka nikachoka na kuichukia ile barabara, mpaka wateja wa fundi wakaanza kuniuliza kama ni mgonjwa. Siku moja nikatoka chini ya kitambaa nikamwambia, "Fundi amevaa viatu viwili visivyofanana, na hiki cha kulia kinambana." Akatema tumbaku yake, akasema, "Haya, kesho utapakia filamu."

Nyinyi mnapiga picha mia kwenye harusi moja halafu mnachagua. Sikatai, ndiyo biashara ya sasa. Lakini sisi tulichagua kwanza ndipo tukapiga, kwa sababu kila kipande cha filamu kilikuwa picha moja tu, na filamu yenyewe ilitoka mbali. Mtu akikaa mbele yako anakupa uso wa picha, ule wa kukodoa macho na kubana midomo. Uso ule haudumu, unamchosha mwenyewe. Wewe unafungua lenzi, unapima mwanga, unaingia kwenye kitambaa, unatoka, unaingia tena. Yeye huku nje anachoka kujifanya, mabega yanashuka, anaanza kuwaza alichoacha jikoni. Hapo ndipo unapiga.

Sasa sikilizeni habari ya kasha, kwa sababu mkiisahau hii mengine yote hayatawaingia. Filamu unaipakia kwenye kasha jembamba, gizani kabisa, bila hata ile taa nyekundu, maana filamu ya rangi haivumilii taa ya aina yoyote. Vidole ndiyo macho yako. Kwenye kona ya kipande kuna vikato vidogo. Vikiwa juu upande wa kulia, uso wa filamu unakutazama. Kisha kasha linafungwa kwa kibati cheusi cha kuchomoa, ambacho sisi tuliita mlango. Ukingo wa mlango ni mweupe upande mmoja na mweusi upande wa pili. Filamu ikiwa mpya, unaweka mweupe nje. Kasha likishakuwa ndani ya kamera unauchomoa, unapiga, kisha unaurudisha umeugeuza, mweusi nje. Mzee Almasi alikuwa na maneno yake juu ya hilo: "Ukiona nyeusi, ndani mna mtu." Maana yake usiuguse. Mtu ameshaingia, na atakaa humo gizani mpaka asafishwe kwenye dawa. Jua likimpata kabla ya hapo, huna mtu tena.

Vile vikato vilinitia aibu mapema. Niliitwa kijiji kimoja huko barabara ya Sikonge kupiga kwaya ya kanisa, wamevaa majoho meupe yenye kola za buluu, wamepangwa kwa urefu. Niliwakalisha muda mrefu mpaka watoto wakaanza kulia. Vipande vikaenda Dar es Salaam kwa treni kusafishwa, vikarudi, na kwaya nzima ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kaa la moto, kuanzia majoho mpaka majani ya miti. Nilikuwa nimepakia filamu kinyume, mgongo ukatazama lenzi. Kiongozi wa kwaya aliishika ile picha kwa mikono miwili, akanitazama, akasema, "Fundi, sisi tulikuwa tunaimba ya mbinguni. Wewe umetupiga tukiwa motoni."

Nilirudi kuwapiga tena, kamera nimeifunga nyuma ya baiskeli. Kati ya picha ya kwanza na ya pili mama mmoja mzee wa sauti ya pili alikuwa amefariki. Walipojipanga waliacha nafasi yake wazi, mstari wa mbele, wala sikuwaambia wasogee. Baadaye wanawe walikuja studio kuniomba ile nyekundu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mama yao. Wakaitundika sebuleni. Kwa miaka mingi nilikiona kisa hicho kuwa cha kuchekesha, nikakisimulia kwenye kahawa. Sasa nawaonea wivu wale watoto.

Halafu kuna safari ya Tura. Watu fulani walikuwa wanatengeneza kitabu juu ya njia ya misafara, wakataka picha za rangi za miembe mikubwa inayofuatana porini, ile inayoonyesha wapagazi walipita wapi. Nilishuka kwenye treni Tura na sanduku langu, na gadi wa treni, Mzaramo mmoja mwenye sauti ya kuvunja vikombe, akatoa kichwa dirishani. "Oneni Mnyamwezi kabeba mzigo tena! Babu yake alibeba pembe, huyu anabeba kabati!" Behewa zima likacheka. Nikamjibu kwamba babu yake alimficha babu yangu chakula kule Uzaramo, ndiyo maana mpaka leo sisi hatunenepi. Ndivyo nilivyofahamiana na Shomari.

Kwa wale ambao hamkulelewa na mambo haya, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Wanasema utani huo ulianzia njiani, babu zetu walipokuwa wakienda pwani na kurudi, wakiugua kwa watu na kuzikwa na watu. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe, akachukua kuku wako, akalala kwenye kaburi lililochimbwa kwa ajili ya baba yako akadai ni kitanda chake, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Msibani ndiko anakofanya kazi yake hasa. Anawaiga marehemu na wafiwa mpaka watu wacheke katikati ya machozi.

Pale Tura kazi haikwenda. Nilipojifunika kitambaa, wanakijiji wakaamua mimi ni mpimaji wa ardhi, na kwamba kila mti nitakaoutazama utalipwa fidia. Mzee mmoja akaniganda kiunoni akisema, "Mwanangu, usisahau na huu wa nyuma ya choo." Asubuhi yake nilikuta shamba la jirani limechomekwa miche ya mipapai kwa mistari, mingine ilishaanza kunyauka. Nilipiga miembe yangu hivyo hivyo, mipapai ikiwa mbele. Shomari alipopita na treni ya kurudi akanikuta stesheni nimechoka hoi. Alipostaafu alihamia Tabora moja kwa moja, akajenga mtaa wa Chemchem, na tangu hapo kila baada ya sala ya alasiri yuko barazani kwangu kunikosesha raha. Ni rafiki yangu kuliko ndugu niliozaliwa nao.

Nimewaambia habari ya umbo, sijawaambia habari ya rangi. Rangi inadanganya. Mtu akikaa karibu na ukuta mwekundu, shavu lake linakuwa jekundu. Akikaa chini ya mti, anakuwa wa kijani na mteja anakwambia umempiga mzimu. Macho yetu yanasamehe haya yote, filamu haisamehe. Dawa yake nilifundishwa na Mzee Almasi, nami nikaifuata maisha yangu yote: nikimkalisha mtu, namwekea kofia yangu nyeupe mapajani, halafu naitazama kwenye kioo. Kofia ikionekana ya njano, basi ukuta ndio unaoleta njano, namhamisha mtu. Nikishaona kofia ni nyeupe kweli, kila rangi iliyobaki usoni ni ya mwenyewe. Kofia hiyo imewahi kukaa mapajani mwa mabibi harusi, mahujaji, wacheza mpira, na mbuzi mmoja wa maonyesho aliyejaribu kuila.

Mke wangu Zuwena aliifua kofia hiyo kila Alhamisi. Yeye ndiye aliyeteseka na kazi hii kuliko mimi. Joto la Tabora linaharibu filamu, kwa hiyo maboksi yangu yalikaa kwenye friji pamoja na migebuka na maziwa. Ole wake mgeni atakayefungua friji akaanza kupekua. "Nyumba za wenzangu friji ina matunda," alikuwa akiwaambia mashoga zake, "ya kwangu ina giza." Umeme ukikatika yeye ndiye aliyekimbia kwenda kuomba barafu kwa jirani, siyo ya samaki, ya filamu.

Najua mnachotaka kuuliza. Mtu aliyepiga Tabora nzima, picha za mkewe zikoje? Hazipo. Kila nilipotaka kumpiga alikuwa na unga mikononi, au kipande kilichobaki kilikuwa cha mteja aliyekwisha kulipa. "Mimi unaniona kila siku," alikuwa akisema, "utanipiga ya nini?" Nami nikakubali, kwa sababu nilidhani ni kweli kwamba namwona kila siku.

Wasafishaji wa filamu za rangi wa Dar wakafunga. Nikawa natuma Nairobi kwa madereva wa malori, na huko nako wakaacha. Vipande vikapungua kwenye friji mpaka kikabaki kimoja, ndani ya kasha lake, mweupe nje. Sikujua namwekea nani. Nilikuwa namaliza kazi na nilitaka cha mwisho kiwe cha maana, kila nikifikiria nakosa. Sikukuu moja ya Idi, wakati wa mvua, Zuwena alitoka chumbani amevaa gauni la zambarau na mtandio wa rangi ya chungwa, akasimama mbele yangu.

"Baba Mwajuma, kile kipande kilichobaki kwenye friji unamwekea nani?"

"Hata sijui."

"Basi nipige mimi. Na nataka rangi. Nyeusi na nyeupe waachie marehemu."

Nilimkalisha kwenye kiti karibu na mlango wa mbele, mahali penye mwanga usio na jua kali. Nikasimamisha kamera, nikamwekea kofia mapajani, nikajifunika. Alitokea kwenye kioo kichwa chini, mtandio ukining'inia kuelekea juu. Nikatafuta fokasi kwenye macho, maana picha ya mtu unaitafutia fokasi machoni. Nikachukua kile kioo kidogo cha kukuzia nikakiweka juu ya jicho lake pale kiooni.

Macho yake yalikuwa ya njano.

Nikafikiri ni ukuta, tuliupaka rangi ya maziwa mwaka uliotangulia. Nikatoka nikahamisha kiti na kamera mpaka uani. Nikarudi chini ya kitambaa. Macho yalikuwa ya njano. Nikamwambia avue mtandio, labda ni chungwa linalorudisha rangi. Akavua, akalalamika kwamba namharibia pozi. Nikaangalia kofia. Kofia ilikuwa nyeupe, wajukuu zangu, nyeupe ya pamba. Macho hayakuwa meupe, na ngozi ya chini ya shingo haikuwa ile niliyokuwa nayo nyumbani maisha yangu yote. Na mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nikiwa nimejifunika vile nilimtazama mke wangu kama nilivyomtazama yule fundi cherehani, na nikaona kila kitu kwa mara moja.

"Mbona umekaa sana humo?" akauliza.

"Fokasi inanisumbua."

"Umezeeka, sema kweli."

Nililia mle ndani na sikutoa sauti. Kisha nikajifuta kwa kitambaa, nikatia kasha, nikamrudishia mtandio wake wa chungwa kwa sababu ndio alioutaka. Nikachomoa mlango. Nikamwambia, "Tulia, mama, usipepese." Akatulia. Mabega yakashuka, akawaza jambo fulani ambalo sikulijua, na nikapiga. Niliurudisha mlango, mweusi nje.

Hospitali waliniambia nilichokuwa nimeshakiona. Ini lilikuwa limeharibika na wakati ulikuwa umepita. Daktari alikuwa kijana mstaarabu, akaniuliza kama hatukuona mabadiliko yoyote nyumbani. Tulikuwa na taa za ndani ambazo kila mtu anaonekana wa njano chini yake. Na binti yetu Mwajuma alikuwa na picha za mama yake kwenye simu, nyingi mno, za kila wiki. Nilizitazama zote moja moja. Simu ile inalainisha ngozi na kung'arisha macho yenyewe bila kuambiwa. Katika picha zote hizo Zuwena ana macho meupe kama ya msichana, na mashavu yamejaa. Mwajuma bado anazitazama na kulia, nami nashindwa kumwambia kwamba yule siye mama yake.

Kwa hiyo sura yake ya kweli ilikuwa sehemu moja tu, ndani ya kasha, kwenye friji. Dawa ya nyeusi na nyeupe ninayo, na filamu ya rangi inakubali kusafishwa nayo ukitaka. Picha inatoka, rangi ndiyo inayokufa. Sikuthubutu. Alishasema anataka rangi na alishasema kwa nini. Kulikuwa na mgeni mmoja, mtafiti wa njia ya misafara aliyekuwa akija kila kiangazi, aliyeniahidi kwamba akirudi atalibeba kasha mpaka kwao ambako bado wanasafisha. Zuwena aliniuliza kitandani, sauti imekwisha, "Picha yangu bado?" Nikamwambia kiangazi. Alifariki mvua hazijakatika.

Tulimzika baada ya adhuhuri, jua limetoka kali baada ya siku za mawingu. Tulipotoka makaburini tukakaa jamvini nje ya nyumba, wanaume peke yetu. Mimi sikuwa nimelia mbele za watu wala sikuwa nimekula. Shomari aliniangalia muda mrefu. Akaingia ndani kuchukua maji ya kunywa kwenye friji, na alipotoka alikuwa amejifunika kanga kichwani, kinu amekipakata, na mkononi ameshika kasha langu.

Alikuwa anafanya kazi ya mtani, mnielewe. Kazi yangu ilikuwa imekufa, studio imegeuzwa duka la vocha, naye, hata kama alijua habari ya picha ya Idi, alidhani nilishaituma, hakuwa na sababu ya kudhani kuna chochote ndani ya lile kasha. Aliweka kinu mbele ya watu, akainama nyuma yake na kanga yake, makalio juu, jinsi ninavyoinama mimi.

"Bi Zuwena!" akaita kwa sauti yangu. "Tulia, mama! Usipepese! Fokasi inanisumbua!" Watu wakaanza kuguna kwa kicheko. Akachungulia kutoka kwenye kanga. "Jamani, mwaka huu fokasi haipatikani, labda mwakani. Mama wa watu kakaa kwenye kiti mpaka kachoka, kaamua kuondoka zake!"

Kicheko kikalipuka. Hata shehe alificha uso kwenye mkono wa kanzu. Na Shomari, ambaye alikuwa ameniona nikipiga picha mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, aliniiga sawasawa. Alitia kasha juu ya kinu. Akashika mlango kwa vidole viwili, akauchomoa taratibu, wote, kama ninavyouchomoa. Akauinua juu. Niliuona ukingo mweusi kwenye vidole vyake. Akaanza kuhesabu polepole, huku kasha limelala wazi kwenye jua la mchana, na akiwa anahesabu akajipepea na ule mlango.

Nilinyanyuka nusu. Jamvi zima likanigeukia. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua.

Mtani hakasirikiwi msibani. Nililelewa hivyo, na baba yangu alilelewa hivyo. Ningemfokea Shomari pale, ningekuwa nimemfukuza kwenye msiba wa shemeji yake na kumbebesha jambo ambalo asingeliweka chini mpaka kufa kwake. Na watu walikuwa wananisubiri nicheke, walikuwa wanalihitaji hilo kuliko maji aliyokwenda kuyachukua. Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu mpaka machozi yakanitoka, na mtu nyuma yangu akasema, "Alhamdulillahi, Fundi amecheka." Shomari akadai nilikomboe kasha, ndivyo desturi inavyotaka. Nikampa sarafu, akanipa kasha na mlango wake, na mikono yangu ikaurudisha mlango mahali pake yenyewe, mweusi nje.

Tangu siku ile nina hasira na sina wa kumkasirikia. Mkiniuliza kazi hii ya kutazama taratibu ilinipa nini, jibu langu ni hili: ilinipa muda mfupi mmoja wa kumwona mke wangu, na nilichomwona nacho ni kifo chake. Kama ningemtazama vile mapema, hata mara moja, pengine. Nimelifikiria hilo neno pengine mpaka nimechakaa. Hata akinijia sasa, nikifumba macho, hanijii akiwa jikoni wala akianika kofia yangu. Ananijia alivyokuwa kwenye kioo, kichwa chini, macho ya njano, na najitahidi kumgeuza asimame na hageuki.

Mkitaka kununua kamera hizo, nunueni. Vikato juu kulia. Kofia nyeupe mapajani. Wapigeni wa nyumbani kwenu kwanza kabla ya wateja, ingawa sina hakika kwamba itawasaidia kitu.

Mtafiti alikuja kiangazi kile, akauliza kuna mzigo gani wa kubeba. Nikamwambia hakuna. Shomari yeye hajui lolote mpaka leo, na nyinyi msije mkamwambia. Lakini alikuwa ameambiwa na Zuwena mwenyewe kwamba alipigwa picha siku ya Idi, na jambo hilo halimtoki. Miguu yake sasa imevimba, anakuja na fimbo kutoka Chemchem, anapumzika mara kwa mara njiani, na haachi kuja. Jana alasiri tulikaa hapo hapo mlipokaa nyinyi. Akanywa kahawa yake, akageuza kikombe.

"Mnyamwezi, ile picha ya shemeji bado haijatoka?"

"Bado iko kwenye dawa."

"Nyinyi mlikuwa mnafika pwani na kurudi kwa miguu, leo picha moja inakushinda! Mimi nitakufa sijaiona."

"Subira, mzee."

Akacheka, nami nikacheka. Hapo umeme ukakatika, feni ikazimika, na redio ya jirani ikanyamaza. Nikainuka haraka kuliko magoti yangu yanavyopenda, nikatoka kwenda kwa jirani, nikarudi na barafu kwenye bakuli na kuelekea jikoni.

"Unakimbilia nini wewe?" akauliza Shomari. "Una samaki?"

"Eeh," nikamwambia. "Nina samaki."

Nikafungua friji, nikaipanga barafu kulizunguka kasha.